Mkondo wa Gizani

Likongolo, nyuma ya Mchinga
Lindi
4 Agosti 1973

Kwako Stefania binti Sipriani, huko kwenye barafu,

Salamu nyingi. Nakuarifu kwamba juzi Alhamisi nimemzika baba yako, na katika mkoa mzima wa Lindi hajatokea mtani aliyemzika Mmakonde vizuri kama nilivyomzika mimi. Kaburi nimechimba peke yangu, kwa jembe moja, kabla jua halijapanda. Watu wametoka Mchinga kuja kujifunza. Wallahi.

Haya, uongo. Kaburi sijachimba, na jembe lenyewe ni la baba yako, amelificha nisije nikaliazima. Yuko hapa mbele yangu juu ya kigoda chake, anautazama mkono wangu unavyokwenda, na kwa kuwa hajui kusoma nimemwambia naandika habari za mikorosho. Anasema, "Mwambie mwanangu huyu Mmwera anayeandika akiliona jembe anaumwa tumbo." Nimeandika. Usiseme kwamba mimi siandiki ninayoambiwa.

Nimeshamwua mara ngapi tangu serikali ikupeleke kusoma huko? Mara ya kwanza alikufa kwa nyoka. Pasaka alikufa kwa uraka, alipomaliza mtungi mzima wa mabibo yaliyochachuka. Nikimsomea alivyokufa hucheka mpaka anakohoa. Ndio utani wetu tangu ujana, tulipokuwa tunakata mkonge bega kwa bega, Mmwera na Mmakonde, kila mmoja na safu yake. Tulikubaliana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamtukana kaburini. Matusi yake nimeshayaandaa. Naogopa tu yasije yakachacha kama yale mabibo.

Kikohozi chake sikipendi. Hilo si la utani, ila nalipitisha haraka kabla hajaniuliza nimeandika nini.

Habari za huku ni kuhama. Wakubwa wamekuja, wametangaza kwamba sote tuhamie kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara kuu. Viwanja vimeshapimwa kwa kamba. Kutakuwa na shule, bomba na zahanati. Mimi nimekubali upesi, maana nyumba yangu ilishaanza kuhama yenyewe, ukuta mmoja mmoja. Baba yako amekataa. Anasema hawezi kumwacha mama yako Veronika amelala peke yake mikoroshoni. Katibu kata akamwambia, "Mzee, marehemu hahitaji jirani." Baba yako akamjibu, "Basi wewe jirani asiyehitajiwa unasimama hapa kufanya nini?"

Lori litakuja mwezi wa kumi na moja. Asipopanda mwenyewe watampandisha, nami sitaki kuona Mmakonde mzee anabebwa kama gunia. Anayemsikia duniani ni wewe tu. Njoo Krismasi umtie adabu.

Tena mwenyekiti wetu anauliza: kama kazi yako ni kupima umeme wa angani, kwa nini usitushushie waya mmoja huku? Nimemwahidi utashusha. Usiniaibishe.

Ni mimi mtani wenu,
Abilahi Fakihi
(darasa la tatu la Mwingereza; la nne nilifukuzwa)

*

Kituo cha Upimaji
Kaskazini ya Urusi
20 Septemba 1973

Shikamoo Baba Abilahi, ingawa hustahili,

Barua yako niliifungua nimesimama mlangoni, theluji ya kwanza bado iko kwenye viatu. Kwa mistari ile ya mwanzo moyo ulinilipuka. Nilipofika kwenye jembe nilianza kucheka peke yangu. Mkuu wetu wa kazi, mama mmoja anaitwa Galina, aliniuliza kuna nini. Nikamweleza kwamba kwetu yupo mzee ambaye huniandikia kila mara kwamba baba yangu amekufa, na kwamba hayo ni mapenzi. Alinimiminia chai.

Mwambie mwenyekiti waya hauwezekani. Lakini mweleze hivi, na baba naye umweleze. Pale ghuba ya Lindi inapotokea baharini, maji juu yanaonekana yametulia, kumbe chini yanavuta. Juu yetu nako, mbali kuliko ndege inavyofika, ipo mikondo, ila ni ya umeme. Jua linapuliza upepo wake, na upepo huo ukiifikia dunia, sumaku ya dunia huupeleka kwenye ncha zake mbili: huku kaskazini, na kule kusini kabisa kusiko na wenyeji. Juu ya kila ncha mkondo unazunguka. Hatuuoni. Tunaujua kwa sindano ya sumaku tu, inavyotikisika.

Kazi yangu ni hii. Pigo la jua ni moja, lakini ncha mbili hazitikisiki sawa. Ncha iliyo kwenye mwanga, hewa yake ya juu imeiva kwa jua, umeme unapita. Iliyo gizani unapita kwa shida. Desemba huku jua halichomozi kabisa, na kule kusini halizami. Juni ni kinyume chake. Ungetegemea mwaka ukigeuka na vipimo vigeuke, zamu kwa zamu, kama watu wanaopokezana kutwanga. Havigeuki sawasawa. Kuna kitu cha ziada, na hakuna anayekijua vizuri. Wenzetu wa kusini wanatutumia vipimo vyao kwa redio, nami nalinganisha. Nahitaji Desemba moja na Juni moja bila kuruka. Ndiyo sababu sitakuja Krismasi.

Chumba cha sindano kimejengwa bila msumari hata mmoja wa chuma. Kabla ya kuingia tunavua saa, funguo, mikanda. Mimi naacha nje hata rozari aliyonipa baba, ile ambayo msalaba wake aliutengeneza kwa chuma cha kisu chake cha kukatia mkonge. Naitundika kwenye kigingi, nikitoka naivaa. Asije akasikia kwamba naivua, akafikiri nimeacha dini.

Mwambie ahame. Mwambie mama hatakuwa peke yake, nikirudi nitamfyekea kaburi mimi mwenyewe.

Sasa tuweke utani kando. Kikohozi kikoje? Nijibu kweli moja tu. Ukiniandikia "njoo", nitaacha sindano zao na nitakuja.

Wako,
Stefania

*

Likongolo
2 Novemba 1973

Kwako Stefania,

Leo salamu sina. Baba yako amefariki Jumatatu asubuhi.

Nimeandika hapo "wallahi", nikaitazama, nikaifuta. Imechakaa, nimeivaa mno. Nyingine sina.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilimsomea yote, na ile ya mikondo akataka tena. Akauliza, "Kwa hiyo jua linapiga pande mbili, halafu upande mmoja ndio unasikia?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika mwanao. Akafikiri, akasema, "Mwambie asije. Akate mpaka mwisho wa safu." Lugha ya mkonge unaijua, umelelewa nayo: mtu hatoki katikati ya safu, hata mvua ikimkuta. Nikamwambia nitamwandikia Jumatatu.

Jumatatu nilikuja na karatasi yangu, nikakuta kigoda kimelala ubavu. Alikuwa njiani kwenda kumfagilia mama yako. Ufagio alikuwa ameushika, tulimtoa vidole kimoja kimoja.

Tulimzika kando ya Veronika. Walipofika na jeneza, niliingia kaburini mimi kwanza nikalala chali, kama tulivyokubaliana. Dionis katekista akasema, "Mzee Abilahi, toka, hili ni kaburi la Mkristo." Nikamwambia, "Hapa pamejaa. Mpelekeni Mmakonde wenu kijiji kipya, si mmempimia kiwanja kwa kamba?" Watu wakacheka. Katibu kata naye akacheka, akaangalia pembeni. Nikasema, "Mbishi huyu! Kaona bora afe kuliko kupanda lori." Wanawake walicheka machozi yanawatoka. Mwisho wakanikomboa kwa jogoo. Nilitaka kutoka kwa madaha, lakini mgongo ulikuwa umelowa udongo na miguu ikagoma. Dionis ndiye aliyenivuta mkono. Hapo hakucheka mtu.

Jogoo nimempata. Limebaki tusi. Kwetu mtani akishalala kaburini, mtoto wa marehemu humtukana, ili walioko chini wajue nyumba yao bado ina mdomo. Mtoto ni wewe peke yako. Sikudai sasa. Lia kwanza.

Amesema usije.

Abilahi Fakihi

*

Kituo cha Upimaji
18 Desemba 1973

Shikamoo, muuaji!

Safari hii umejishinda. Yule wa nyoka alikuwa mchezo wa watoto. Huyu ana ufagio, ana kigoda kilicholala ubavu, ana Dionis mzima na mikono yake! Na eti "Lia kwanza"! Nilisoma mezani wakati wa chakula, nikiwatafsiria wenzangu. Galina alijishika mdomo. Nikamwambia, subiri, wewe hujamzoea, mbele atasema ni uongo. Nikageuza karatasi kutafuta "Haya, uongo", nikakuta umeiacha makusudi. Umekuwa fundi, Baba Abilahi. Hata kuifuta wallahi!

Tusi unalolitaka pokea: wewe Mmwera ulilala kaburini kwa sababu ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu hapewi jembe.

Msomee baba hilo, halafu uniambie amekohoa au amecheka tu.

Huku jua limekwisha. Mchana ni kama kibatari kilichofunikwa chungu. Tunakwenda chumba cha sindano tumeshika kamba iliyofungwa kutoka mlango hadi mlango, tusije tukapotea kwenye theluji. Wiki iliyopita jua lilipuliza kwa nguvu. Kusini sindano ilikwenda huku na huku kama mtu aliyepandwa na pepo. Hapa kwetu ilitikisika kidogo, ikatulia. Pigo lile lile. Lakini hata hicho kidogo ni kingi kuliko hesabu zetu zinavyotaka, na bado sijui ni kwa nini. Ndiyo maana naingoja Juni.

Kwa njia ya posta namtumia baba kofia ya manyoya. Najua Lindi ni joto. Aivae alfajiri, wakati kikohozi kinapomshika.

Mwambie amri yake nimeipokea, ya kukata mpaka mwisho wa safu. Hiyo najua ameisema kweli. Wewe usingeweza kuitunga, hujamaliza safu hata moja maishani mwako.

Krismasi njema kwake. Na wewe, mtani wake, pata kipande cha kuku.

Stefania

*

Kijiji cha Umoja, barabarani
Lindi
30 Januari 1974

Kwako Stefania,

Marahaba.

Haya, umenishika. Baba yako mzima.

Lori lilikuja, likatubeba sisi wengine. Yeye hakupanda. Amebaki Likongolo na mama yako kama alivyotaka, na hakuna tena anayemsumbua. Kikohozi kimeisha. Kofia imefika, imemkaa vizuri.

Tusi lako zuri sana. Nilikwenda kumsomea, kwa sauti, mpaka kwenye jembe. Hakusema kitu. Unamjua.

Huku kwetu nyumba zimepangwa mstari kama askari, ukitoka usiku kujisaidia unaweza kurudi kwa mke wa jirani. Bomba limefika, maji bado. Wanasema kwenye kisiwa cha Songo Songo wameleta mtambo, wanatoboa ardhi wakitafuta mafuta. Wao wanatoboa chini, wewe unapima juu, sisi wa katikati hatuna hata utambi.

Sina habari nyingi. Maliza safu yako.

Abilahi

*

Kigango, Kijiji cha Umoja
11 Februari 1974

Kwa Ndugu Stefania Sipriani,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nachukua nafasi hii kukuandikia kwa kuwa hatujapata neno lako tangu msiba, na kwa kuwa kuna jambo la kofia.

Marehemu baba yako alifariki tarehe 29 Oktoba na nilimzika mimi kwa sala zote za Kanisa, ingawa mwanzoni kulikuwa na fujo ya watani kaburini. Mzee Abilahi Fakihi alinihakikishia kwamba amekwisha kukuarifu, nami sikuona haja ya kurudia.

Wiki iliyopita nilikwenda Likongolo kuangalia mikorosho, nikakuta msalaba wa marehemu umevalishwa kofia ya manyoya ya kizungu. Mzee Abilahi alikuwapo, amekaa chini. Hutembea kutoka huku kijijini mpaka kule, na magoti yake ni mabovu. Alikuwa anasoma barua kwa sauti, naye mwenyewe anacheka pale ambapo marehemu angecheka. Nilimkumbusha kwamba wafu hawasomewi barua. Akaniambia kwamba wafu wamekuwa wakinisikiliza mimi kila Jumapili.

Naomba uniandikie kama kofia iondolewe au ibaki. Mvua zinakaribia na itaharibika. Pia utuambie korosho za marehemu zilizokwisha kuvunwa apewe nani.

Pole sana kwa msiba. Alikuwa mtu wa kweli.

Wako katika Kristu,
Dionis, katekista

*

Kituo cha Upimaji
27 Machi 1974

Ndugu Abilahi Fakihi,

Barua ya katekista imenifikia. Naishukuru kwa sababu ni fupi. Nimemjibu kwamba kofia ibaki na korosho wapewe wenye njaa.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena. Ile ya Novemba ni kweli kila neno. Nilikuwa nimekuomba kweli moja, ukanipa, nami niliisoma mezani watu wanakula. Nilicheka kigoda. Nilicheka vidole vyake kwenye ufagio. Galina alikuwa amejishika mdomo, akaelewa kuliko mimi, nami nikamwambia asubiri atacheka.

Ya Januari ndiyo iliyonishinda. Uliandika "mzima". Nimejaribu kukukasirikia kwa neno hilo na hasira haifiki mbali, kwa kuwa najua ningekuamini mara ya kwanza usingeandika mara ya pili. Lakini siwezi tena kukuandikia kama zamani. Kila ninapoanza sentensi ya utani naona mkono wake kwenye ufagio.

Siku barua ya katekista ilipofika ilikuwa zamu yangu. Niliingia chumba cha sindano bila kuvua kitu. Rozari ilikuwa shingoni, na ule msalaba wa chuma. Sindano iliruka. Kwenye karatasi ya siku ile kuna mruko mmoja mrefu sana, na kule kusini siku ile anga lilikuwa kimya kabisa. Galina aliuona, akaniangalia shingoni. Alichukua kalamu akaandika pembeni, "Chuma kimeingia", maana yake tusiuhesabu. Alinivua rozari yeye mwenyewe, akaenda kuitundika kwenye kigingi.

Jua limerudi, halina joto. Sijalia. Sijui kwa nini, sijizuii. Nakula, nalala, vipimo vyangu havina kosa. Nitamaliza safu kama alivyosema.

Utani naomba tuuache hapa. Nakutakia afya njema.

Stefania Sipriani

*

Kijiji cha Umoja
12 Mei 1974

Kwako Stefania,

Umeniita Ndugu. Katibu kata ndiye anayeniita Ndugu, akitaka nikapalilie shamba la kijiji. Nilipoliona neno lile nilishika kiuno mara moja.

Barua yako nimekaa nayo. Sikuipeleka Likongolo. Ndiyo ya kwanza ambayo sijamsomea, maana imenishinda mahali pa kucheka.

Hiyo ya Januari sina la kusema zuri. Niliandika tatu kabla yake. Ya kwanza niliapa kwa Mungu, nikaona ndivyo nilivyoapa kwa nyoka. Ya pili nikasema muulize Dionis, nikakumbuka Dionis nimemtia kwenye uongo mara mbili, kwenye kile kifo cha uraka nilisema yeye ndiye aliyempa baba yako sakramenti. Ya tatu nilianza tu "Baba yako", nikashindwa. Kwa udongo nilimzika, nikalala mle ndani mwenyewe nikapima kama atatosha. Kumzika tena kwa wino, mbele ya mtoto anayecheka, mkono haukuweza. Nikaona kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake Sipriani bado anakohoa. Nikasema nimwache akohoe kidogo. Basi. Kama ni kosa, la mtani, si la adui.

Shule mpya imefunguliwa. Mwalimu ana dunia ya duara, inazunguka juu ya msumari. Nilimwomba anionyeshe ncha zako. Akaweka kidole kimoja juu na kimoja chini, dunia ikakaa katikati ya vidole vyake kama bibo. Lindi ikawa hapa tumboni. Nikamwuliza pigo la jua likija linafika na hapa? Akasema atauliza wilayani. Mpaka leo wilaya haijajibu.

Lakini nimekumbuka ulivyoandika mwenyewe, na baba yako alivyotaka nirudie. Pigo moja, pande mbili, na gizani linapita kwa shida. Sisi huku tulipigwa mchana wa jua, watu wamejaa, wali jikoni, wanawake wamejifunga kanga viunoni. Tulipiga kelele, tulicheka, tulitukanana. Likapita mwilini, likatoka. Wewe ulipigwa ukiwa gizani, umeshika kamba, na watu wa kukwambia pole hawajui lugha ya baba yako. Halafu unajiuliza kwa nini hulii! Ningekuwa mwalimu wako ningekurudisha darasa la tatu, tukae pamoja.

Au nimekosea. Umeme siujui, hata tochi yangu ina kutu. Ila umesema Juni jua lako halizami. Ukiwa unaiangalia sindano mwezi huo, jiangalie na wewe.

Na ule mruko wa kwenye karatasi, mwambie mama Galina asiufute. Kusini kulikuwa kimya kwa sababu kule hakufiwa mtu.

Kofia ipo. Mvua ya masika imeinyeshea, imevimba, imekuwa kama paka aliyeanguka kisimani. Dionis aliniambia niiondoe, nikamwonyesha barua yako, "Kofia ibaki", akaenda zake. Korosho tuligawana na wajane, tukala. Kigoda nimekihamishia kwangu. Sikikalii. Nimekilaza ubavu, nikakiona vibaya, nikakisimamisha.

Magoti yangu safari ya Likongolo sasa yanaigawanya mara tatu. Nakwenda, nakaa, narudi. Njiani watu wananipisha. Wajukuu wananiamkia, wanawake wananiuliza nimeamkaje, Dionis ananiita Mzee kwa sauti ya kanisani. Tangu Oktoba hakuna aliyeniita mvivu. Hujui mtu anavyochoka kwa heshima. Aliyekuwa na kazi ya kunitukana hadi kaburini mwangu ametoroka mapema, Mmakonde mjanja yule, na nikifa leo nitashushwa kimya kimya kama mwizi.

Umesema utani tuuache. Sikatai, wewe ndiye mfiwa. Ila huwezi kufunga duka mteja amelipa hajapewa kitu. Mimi nililala mle, udongo umeniingia shingoni. Jogoo nilipewa na ndugu za baba yako, alikuwa amekonda, sisemi. Tusi la mtoto sijapewa. Lile la Desemba, la jembe, silihesabu: kichwani mwako baba yako alikuwa hai, lile lilikuwa la kuchezea tu. Nadai la msiba.

Usiniletee kofia, usiniletee waya. Maliza safu yako, Juni ipite, halafu chukua karatasi uniandikie moja tu. Dogo. Hata kama litatoka limelowa na herufi zimesambaa, nitalipeleka Likongolo nikalisome pale, na palipofutika nitakisia. Nitukane, mwanangu. Nakudai.

Mmwera,
Abilahi Fakihi